Umri wa Kutazama

Mkiulizwa nyumbani mnafanya kazi gani, msiseme mnatazama filamu. Mimi nilisema hivyo mwaka wangu wa kwanza, na mama yangu akaenda kuwatangazia akina mama wa kanisa hapa Kianjokoma kwamba serikali inanilipa mshahara nikae mbele ya televisheni. Tangu siku hiyo, nikirudi nyumbani na kusema nimechoka, watu wanaangaliana. "Umechoka nini, macho?" Jirani mmoja aliniletea mwanawe nimtafutie nafasi. Alisema Mungu hakumjalia mtoto huyo hesabu wala jembe, lakini kwa kutazama TV hana mpinzani. Semeni mnaainisha filamu. Hawataelewa, lakini angalau hawatawaletea watoto.

Vijana wawili wa ofisi yangu ya zamani wameniomba niandike machache kuhusu kazi yetu, yawafae wale wapya. Nimechelewa kuwajibu kwa sababu nilikuwa natafuta jambo la kuwatia moyo, na sijalipata. Afadhali niwaambie mapema ni kwa nini. Nyumbani kwangu kuna mtoto wa miaka tisa anayeitwa Wawira, jina langu mwenyewe, maana ni binti wa kwanza wa mwanangu Njeru na desturi yetu Waembu ndiyo hiyo. Mtoto huyu aliona kitu kwenye simu, na tangu siku hiyo hakaribii moto. Hapa tunapikia kuni. Baridi inashuka kutoka mlimani, sisi wengine tunabanana kando ya mafiga, naye anakaa nje kwenye ngazi za nyumba kubwa akiwa na sweta mbili, na chakula tunampelekea huko. Sijui kama atarudi jikoni. Ninapoandika haya ninamwona kupitia dirishani, na mkiona nimeacha hadithi katikati nikaanza kugomba, mjue nimemtupia jicho.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Filamu inaletwa, mnakaa watu watatu au wanne katika chumba chenye mapazia mazito, mnaitazama yote hadi majina ya mwisho, kisha kila mtu anaandika peke yake aliyoyaona kabla yeyote hajafungua kinywa. Hilo la kuandika kabla ya kusema lishikeni sana. Ukimwacha mkubwa aseme kwanza, wengine wote wanagundua kwamba na wao waliona kile kile alichokiona. Baada ya hapo mnabishana, chai inapoa, na mwishowe filamu inapewa alama yake: hii ya watu wote, hii mzazi awe karibu, hii kumi na sita, hii kumi na nane. Nyingine hazipewi alama yoyote. Hizo zinarudishwa kwa mwenyewe, hazionyeshwi popote.

Aliyenifundisha alikuwa mkubwa wangu wa kazi, Mzee Nyaga, mtu wa Mbeere, wa upande wa Kiambere, mrefu, mkavu kama nchi yake, asiyependa maneno mengi. Kila asubuhi alikuja na nduma mbili za kuchemsha zilizofungwa kwenye gazeti. Moja alikula kabla ya filamu na nyingine baada. Katikati hakula kitu. Alisema mtu akila huku anatazama hajui tena kama kilichomkaa tumboni ni chakula au ni filamu, na sheria hiyo hakuwa ameiandika popote ila hakuna aliyeivunja mbele yake.

Filamu ya kwanza niliyoainisha chini yake ilikuwa ya vita. Damu kila mahali. Nikaandika kumi na nane bila kusita. Iliyofuata ilikuwa ya kuchekesha, ya mtu aliyetoka kuoa, ambaye kila mkewe akikosea chumvi anampiga kofi. Watu ndani ya filamu wanacheka, na sisi chumbani tukacheka. Nikaandika watu wote. Mzee Nyaga akachukua karatasi zangu mbili, akaziweka mezani, akaniuliza kama huko vitani kuna mtu aliyecheka. Nikasema hakuna.

"Na hapa?"

Nikaivuta karatasi ya pili kwangu, nikaisoma upya.

"Mimi sina haja na damu ngapi," akasema. "Mimi nauliza, kesho asubuhi mtoto ataamka na nini? Huyo wa vita ataamka akiogopa bunduki, na hiyo ni sawa, bunduki ni ya kuogopwa. Huyu wa chumvi ataamka amwangalie mama yake, aone kama sufuria imeonjwa."

Nimefanya kazi hii hadi mvi, na sijapata kipimo kingine kilicho bora kuliko hicho. Mwongozo wa ofisi una kurasa nyingi. Usomeni, mtaulizwa. Lakini mkifika mwisho wa filamu na hamjui muandike nini, fikirieni mtoto mmoja mnayemjua kwa jina, mfikirieni akiamka.

Filamu za kwetu ndizo zilizonitoa jasho. Wakati mmoja vijana fulani walituletea mchezo wa kuchekesha wa Kimeru. Kwenye jopo tulikuwa Waembu watupu, na Kimeru tulikuwa tunakisikia vizuri, au ndivyo tulivyojisifu. Mle ndani kulikuwa na mama anatafuta kitu jikoni, anakitaja, anakitaja tena, anamtuma mtoto kwa jirani akakiulizie. Kwetu sisi neno lile ni la chombo tu cha kawaida. Tukaandika watu wote, na mmoja wetu akapendekeza mchezo upelekwe mashuleni. Dereva wetu, Mmeru, alikuwa amesimama mlangoni akitusubiri. Akaanza kukohoa, akatoka. Tulimkuta ndani ya gari amejifunika uso na kofia.

"Madam, hiyo maneno hata mimi siwezi sema mbele ya shemeji," akaniambia. "Na nyinyi mnataka iende shule."

Kwa hiyo jopo lisikae bila mwenye lugha. Neno lenyewe siliandiki hapa. Wanaolijua wanalijua, na wengine waishi kwa amani.

Chumba cha mapazia ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu ya raha. Nusu ya pili iko mlangoni. Nyinyi hamkuziona siku za vibanda vya video, au mliziona mkiwa wadogo mkakimbia mlipoona gari letu. Kila soko lilikuwa na kibanda chake: mabati, mabenchi, TV moja juu ya meza ndefu, jenereta nyuma, na mtangazaji aliyetafsiri filamu kwa utani wake mwenyewe. Desemba ndiyo ilikuwa mavuno yao, kwa kuwa shule zimefungwa. Na Desemba, kama mnavyojua, ndiyo wakati wavulana wetu wanapotahiriwa, huku Embu na kule Meru pia.

Desemba moja tulipanda hadi Kibirichia kule Meru, kwa wakulima wa viazi, tukakagua kibanda cha mtu anayeitwa Gitonga. Mtu mcheshi, mnene, mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumempelekea tangazo, tukamwambia filamu za kumi na nane zinaandikwa "watu wazima pekee" mlangoni. Nilipofika nikakuta ubao mkubwa umepakwa chokaa, na juu yake kwa rangi nyekundu: WALIOTAHIRIWA PEKEE.

Nikasimama nikausoma mara ya pili.

"Gitonga, hii ni nini?"

"Si ni ile sheria yenu, madam? Mlisema mtu mzima. Watu wakaniuliza hapa, mtu mzima ni gani? Mimi nikawaandikia vile inaeleweka."

"Sheria inasema miaka kumi na nane."

"Miaka ni ya shule, madam. Huku kijana akishakatwa, hata mama yake hamtumi maji. Haingii tena kwa nyumba ya mama kulala. Sasa akuje hapa na pesa yake, mimi nimwambie yeye ni mtoto? Unajua hiyo ni matusi kiasi gani? Watanichomea hii kitu."

Nyuma yangu walikuwa wamesimama akina mama wawili waliotoka kupakia viazi, vitambaa bado viunoni. Mmoja akasema, "Muulize na sisi. Tumekuwa tukiingia hapa bila maneno, saa hii tunaambiwa tuonyeshe nini?"

Soko zima lilicheka. Gitonga akajikuna kichwa, akasema akina mama wanaingia kwa heshima zao.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe ni serikali, madam. Serikali haina umri."

Nilicheka hadi nikashika nguzo. Hadithi hii nimeisimulia kwenye kila semina, na kila mara nimeikatia hapo, kwenye nguzo. Watu wakicheka ukumbini unashuka jukwaani ukiwa umefurahi. Leo nawapa iliyobaki.

Niliingia ndani. Mabenchi mawili ya mbele yalikuwa yamejaa wavulana waliotoka tu kukaa ndani baada ya kutahiriwa. Kofia mpya, jaketi mpya, viatu bado vinanuka duka. Kijana aliyekuwa akiwatunza ndiye aliyewaleta, iwe zawadi yao ya kwanza ya utu uzima. Wengi walikuwa na miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Kwenye TV watu walikuwa wanakatwa kwa panga, mmoja baada ya mwingine, na mtangazaji alikuwa anawatolea mizaha wanaokatwa. Wavulana walikaa wima, mikono magotini, hakuna aliyetikisika, kwa maana wiki chache nyuma walikuwa wamefundishwa kwamba mwanaume hatikisiki. Yule wa mwisho kwenye benchi, machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola ya jaketi. Hakuyapangusa. Angeyapangusa angekuwa amekubali kwamba yapo.

"Huyu mtoto analia," nikamwambia Gitonga.

"Halii, madam. Ni moshi ya jenereta."

Na yule mvulana mwenyewe, bila kugeuza uso kutoka kwenye TV, akasema, "Ni moshi."

Jenereta ilikuwa nyuma ya kibanda na upepo ulikuwa unapeleka moshi wake shambani. Nilizima TV. Wavulana wakatoka kwa mstari kama walivyofundishwa, na yule wa mwisho alipopita karibu nami akainua kidevu. Sisi tulikuwa na namba yetu na Gitonga alikuwa na kisu chake, na kati yetu sote hakuna aliyekuwa amemuuliza yule mtoto ana umri wa kutazama nini. Kibanda kilifungwa. Kikafunguliwa tena kwa ubao mpya uliosema NAMBARI 18, NJOO NA KITAMBULISHO, na wavulana wakaanza kuja na vitambulisho vya kaka zao.

Hicho ni kitu kingine mtakachokigundua wenyewe, ila nawaambia mapema ili mshtuke mara moja tu. Namba tunayoiweka kuzuia ndiyo inayouza. Kulikuwa na kijana mwenye duka la filamu mjini Embu, anamjazia mtu flashi kwa bei ya chai. Tulimkuta amebandika 18 kwenye kila kitu rafuni, hadi video ya mashindano ya kwaya za shule za msingi. Nikamuuliza kwaya ina nini cha watu wazima. Akaniambia ilikuwa imekaa mwezi mzima bila mnunuzi, lakini tangu aibandike alikuwa ameuza zote isipokuwa hiyo moja niliyoshika. Hata alikuwa tayari kunipunguzia.

Mzee Nyaga hakustaafu kwa umri. Watu wa ofisi walisema alichoka, wengine wakasema alikosana na mkubwa. Mimi nilikuwa chumbani siku hiyo, nitawaambia. Tulikuwa tunatazama filamu ya kijiji kinachochinjwa usiku, wanawake, wazee, kila mtu. Karibu yangu dada mmoja mgeni kazini alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasikia karatasi ya gazeti. Nikageuka, nikamwona Mzee Nyaga anakula nduma. Anatafuna taratibu, macho kwenye kioo, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Alikuwa amefika katikati ya nduma alipojiona. Akasimamisha taya. Akaitoa ile iliyokuwa mdomoni, akaifunga kwenye gazeti, akatoka nje. Filamu ilipoisha nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza.

"Mpishi anaonja chumvi," akaniambia. "Akionja masufuria mengi sana, ulimi unakufa. Anatia chumvi, anatia, na yeye hasikii. Huyo mpishi akiendelea kupika ataua watu."

Nikamwambia ni uchovu, apumzike wiki moja.

"Wewe utaondoka lini?" akaniuliza.

Nilidhani ananiuliza mambo ya likizo. Aliandika barua kesho yake, akarudi Kiambere kwa mbuzi wake. Nilimtembelea mara chache. Hakuwa na televisheni. Aliniambia ulimi haujarudi, kwamba mbuzi akichinjwa anatazama tu, na kwamba mkewe ameliona hilo. Nilirudi mjini nikasema moyoni kuwa mzee amekonda kwa mawazo. Kisha nikaendelea kuonja kwa miaka mingi.

Vibanda vilianza kufa vyenyewe. Umeme ukafika, TV zikaingia majumbani, simu zikashuka bei. Siku moja tukaitwa mkutano, mkubwa wetu akasema vibanda haramu vimekwisha katika eneo letu, akapigiwa makofi, tukanunuliwa soda. Mimi pia nilipiga makofi. Hakuna aliyesema kwamba wale watazamaji hawajaenda kulima, wameenda mahali pasipo na mlango. Kwa Gitonga kulikuwa na mlango, na mlangoni kulikuwa na Gitonga, na ungeweza kumshika shati ukamuuliza. Kazi yetu yote ilihitaji mlango. Namba bila mlango ni rangi tu. Ofisi ikaanza kutoa matangazo kwamba wazazi wawe waangalifu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyaandika, na nilipokuwa nikiyaandika nilijua wazazi wenyewe wako shambani, wanachuma majani chai, na simu iko nyumbani na mtoto ili wakihitaji kitu wapige.

Sasa la Wawira, kisha niwaachie.

Ilikuwa simu ya mama yake. Kanisani kwetu kina mama wana grupu, wanatumiana nyimbo, michango ya mazishi, picha za watoto waliobatizwa. Mtoto alikuwa aimbe Jumapili, akachukua simu atafute wimbo wake uliotumwa humo. Juu ya wimbo kulikuwa na video. Mtu fulani alikuwa ameshikwa sokoni, sijui soko gani, sijui kwa kosa gani, na umati ulikuwa umemvisha tairi. Sitasema zaidi. Si filamu. Hakuna aliyeigiza.

Mama yake alipogundua aliifuta, akaandika kwenye grupu kwamba mtoto ameona, jamani tuwe waangalifu. Wakamwandikia pole, pole sana, Mungu amlinde. Mmoja akauliza ni video gani hiyo, na mwingine, kwa wema tu, akaituma tena humo humo.

Nilimtafuta mwenyekiti wa grupu. Nilivaa vizuri, nikaenda kwake, kama nilivyokuwa nikienda kwa Gitonga. Ni mama wa heshima, mwalimu wa Sunday school, na aliponiona alianza kutokwa na machozi kabla sijasema. Hata yeye alikuwa ametumiwa, na aliyemtumia ametumiwa.

"Lakini tuliandika, mama Njeru," akaniambia. "Angalia, iko hapa. Tuliandika kumi na nane. Tuliandika msionyeshe watoto. Si hivyo ndivyo ulikuwa unatufunza?"

Akanionyesha. Kweli, walikuwa wameandika. Alinitengenezea chai na nikainywa. Sikuwa na mtu wa kushika shati. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira iliyokosa pa kwenda, na jioni nikamgombeza Njeru kwa sababu ya lango bovu.

Halafu nikaitazama. Nilisema ni lazima nijue mtoto amebeba nini. Niliketi kitandani mchana, nikaiangalia yote, nikairudia. Na kichwani mwangu, wenyewe bila kuitwa, mstari ulianza kujiandika: ukatili, halisi, wa kiwango cha juu, lugha, matusi machache, haifai kuonyeshwa. Nilipomaliza nikaweka simu kando, nikakumbuka kwamba sijaloweka maharagwe, nikaenda kuyaloweka. Nilikuwa nimeinama juu ya ndoo nilipotambua kwamba sijahisi kitu. Nikajaribu. Nikasimama pale nikijilazimisha kumfikiria yule mtu, na nilichoweza kufikiria ni maharagwe. Macho hayana pazia, wanasema. Yangu yaliota gamba, na nililipwa mshahara wakati linaota.

Tumempeleka mtoto hospitali. Wametusikiliza vizuri, wakasema tumpe muda, tumwache aongee akitaka. Mchungaji amemwombea. Shuleni anaenda, na mwalimu anasema anafanya kazi yake, ila siku wanayochoma takataka anaomba ruhusa arudi nyumbani. Mama yake amenunua jiko la gesi kwa ajili yake, akaliweka sebuleni. Likiwashwa, Wawira anasikia ule mlio mdogo wa moto kushika, anatoka.

Jumamosi iliyopita nilikaa naye ngazini, tukichambua maharagwe kwenye ungo mmoja. Anachambua vizuri, ana jicho la kuona jiwe. Ungo ulikuwa umefika nusu, nami nilianza kufurahi kidogo.

"Cucu," akasema, maana kwetu bibi ni cucu, "ile video ilikuwa imeandikwa kumi na nane."

"Najua."

"Ni wewe ulikuwa unaandika hizo?"

"Zingine. Hiyo si mimi."

"Kwa hivyo nikifika kumi na nane haitaniogopesha?"

Swali hilo nimeulizwa na wazazi, na wenye vibanda, na mara moja na hakimu, ijapokuwa hakuna aliyeliuliza waziwazi hivyo. Nikamwambia haitamwogopesha sana.

Akatoa jiwe, akalitupa uani. "Wewe umepita kumi na nane. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaogopa?"

Niliona nikisema ukweli utamsaidia, ajue kwamba mtu anaweza kuitazama na akabaki mzima.

"Hapana," nikasema. "Mimi sikuogopa."

Akaacha kuchambua, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama anavyoangalia mgeni ambaye wazazi wake wamemwambia amsalimie.

"Lakini cucu, alikuwa anaita mama yake."

Nilikuwa nimeitazama, nikairudia, na sikuwa nimesikia.

"Basi mimi sitaki kufika kumi na nane," akasema, akasogea ngazi moja chini, akavuta ungo upande wake, akaendelea kutafuta mawe.